Msitu wa Karura na Swali la Mwenye Mali

Atokaye katikati ya jiji la Nairobi akashika barabara iendayo Limuru, au ile ya Kiambu, hendi mbali kabla hajauona msitu. Pembeni ni makazi ya watu wenye nafasi, Muthaiga upande huu, Gigiri na Runda upande ule. Na katikati yake imesimama miti juu ya hektari elfu moja na ushei. Huo ndio Msitu wa Karura. Ndani yake hupita vijito ambavyo maji yake huingia katika mto wa Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, ambao watu wa pwani huuita Sabaki, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Malindi na mkaazi wa Muthaiga hawajuani, lakini wanachangia maji.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi msitu huo ulivyokaribia kugeuzwa mtaa wa majumba mwishoni mwa karne ya ishirini, na jinsi wananchi walivyouzuia ujenzi huo. Habari zenyewe si ngeni kwa wasomaji wengi. Lakini aghalabu husimuliwa kama kisa cha mama mmoja shujaa na miti yake. Ushujaa ulikuwako, wala hapana awezaye kuukana. Hata hivyo chini ya kisa hicho lilikuwako swali zito zaidi, la kisheria na la kiutamaduni pia: mali ya umma inapochukuliwa, ni nani mwenye haki ya kusimama na kuidai?

Nchi ilipo Karura ilikuwa, kabla ya ukoloni, karibu na mpaka wa wakulima wa Kikuyu na malisho ya Wamaasai. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kwa Wakikuyu ardhi ya ukoo iliitwa githaka, na ukoo wenyewe mbari. Mtu wa mbari alilima sehemu yake na kuwarithisha wanawe, lakini hakuwa na ruhusa ya kumpa mgeni ardhi hiyo kwa siri, wazee wasijue. Iko miti pia, hasa mugumo, ambayo haikuguswa na shoka, kwa kuwa chini yake ndipo palipotolewa sadaka. Wamijikenda wa pwani nao wana misitu yao ya kaya, na mwaka 2008 baadhi ya kaya hizo zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mwanafunzi asidhani kwamba wazo la ardhi isiyojengwa lilikuja kwa meli. Kilichokuja kwa meli ni tangazo la maandishi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1905 mji huo mchanga ukafanywa makao makuu badala ya Mombasa. Garimoshi la siku zile lilikula kuni kwa pupa, na mji wenyewe ulihitaji mbao. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya misitu iliyouzunguka ilipandwa mikalitusi na miti mingine ya kigeni ikuayo upesi. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi kuwa Karura ni msitu wa serikali. Katika mwaka huo huo iliteuliwa Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, kuchunguza madai ya Waafrika kuhusu ardhi waliyonyang'anywa. Sikio la serikali lilikuwa likisikiliza malalamiko, ilhali mkono wake ukipiga muhuri. Miaka ishirini baadaye malalamiko hayo yaligeuka vita, na mapango yaliyo kando ya mto katika msitu wa Karura husimuliwa hadi leo kuwa yalikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, dola mpya iliurithi msitu pamoja na sheria yake. Hapa yatupasa tutulie kidogo, maana ndipo lilipo shina la mambo yote yaliyofuata. Sheria ya Misitu, iliyojulikana kama Sura ya 385, ilimpa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi ya serikali kuwa msitu. Sheria hiyo hiyo ilimpa uwezo wa kubadili mipaka ya msitu au kuuondolea hadhi hiyo kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kutoa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Bunge halikuulizwa. Wakaao kando ya msitu hawakuulizwa. Siku 28 zikipita, msitu si msitu tena bali ni ardhi tupu ya serikali, na ardhi tupu ya serikali, kwa sheria nyingine, ingeweza kugawiwa mtu binafsi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika jambo hili daftari lilikuwako, na habari iliandikwa ndani yake, ila ni wananchi wangapi walilifungua Gazeti Rasmi kila wiki kulisoma?

Msitu wa Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji, watoa mfano ulio wazi. Nao ulitangazwa mwaka 1932. Baadaye ulimegwa kidogo kidogo: hapa uwanja wa mbio za farasi, pale viwanja vya maonyesho vya Jamhuri, kwingine shule, kwingine makazi, hata zaidi ya nusu yake ikatoweka. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa ya manufaa kwa umma, na si haki kuyatia yote katika kapu moja na wizi. Lakini kila kipande kilichotoka kilirahisisha kutoka kwa kile kilichofuata.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mmego ukawa biashara. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa. Mtu mwenye jamaa au kinga serikalini alipewa barua ya kugawiwa kiwanja. Mara nyingi hakulipa hata ada iliyotakiwa. Aliiuza barua yenyewe kwa mwingine, naye akaiuza kwa mwingine tena, na mwisho ikatolewa hati ya kumiliki ardhi kwa jina la kampuni ambayo wenyewe hawajulikani. Tume hiyo iliona pia kwamba ugawaji wa namna hii uliongezeka nyakati za uchaguzi. Kwa maneno mengine, ardhi ya umma ilikuwa hazina ya kulipia uaminifu wa kisiasa. Walengwa walikuwa wengi: misitu, viwanja vya michezo, vyoo vya umma, hata makaburi.

Wananchi hawakunyamaza wote. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga katika bustani ya Jeevanjee, iliyo katikati ya mji, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliitoa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikaokoka. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 1989, ulikuwa umetangazwa mpango wa kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, makao ya gazeti la chama kilichotawala. Aliyeupinga kwa barua baada ya barua ni Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa shirika la Green Belt Movement.

Yafaa nieleze jina la shirika hilo, kwa kuwa wengi hulitaja bila kujiuliza maana yake. Lilianzishwa mwaka 1977, na kazi yake ilikuwa kuwahimiza wanawake wa vijijini kupanda miche kwa safu ndefu, isiyopungua elfu moja, ili miti ikisimama ifanye ukanda wa kijani juu ya ardhi iliyochakaa. Huko Uingereza maneno hayo hayo yana maana tofauti: ni eneo linalouzunguka mji ambalo limekatazwa kujengwa ili mji usivimbe bila mpaka, kama lilivyowekewa jiji la London kwa sheria ya mwaka 1938. Ukanda wa kwanza hupandwa. Wa pili huachwa. Katika Karura, kama tutakavyoona, maana hizo mbili zilikutana.

Turudi kwenye Bustani ya Uhuru. Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mahakama ilimkatalia. Haikusema kuwa mpango ulikuwa mzuri. Ilisema kuwa yeye hakuwa na haki ya kushtaki. Hakuwa amepata hasara ya pekee kuliko mtu mwingine, na mambo ya umma, kwa sheria ya wakati ule, yalipaswa kupelekwa mahakamani na Mkuu wa Sheria. Msomaji na alipime jambo hili. Bustani ni ya wote. Na kwa sababu ni ya wote, hakuna hata mmoja awezaye kuitetea. Katika mbari ya zamani mzee yeyote angeweza kuuliza: ardhi yetu yaenda wapi? Katika jiji la kisasa mwuliza swali aliambiwa: wewe ni nani? Jengo lile halikujengwa, kwa sababu wafadhili wa nje waliingia hofu na kujitoa; lakini jibu la mahakama lilibaki pale pale.

Hivyo habari za Karura zilipojulikana mwaka 1998, njia ya mahakama ilionekana nyembamba. Wapita njia waliona miti ikiangushwa, barabara ikichongwa, na mitambo ya ujenzi ikifanya kazi nyuma ya lango. Sehemu za msitu zilikuwa zimekwisha kugawiwa makampuni ya binafsi, na kilichokusudiwa ni nyumba na majengo ya fahari. Wangari Maathai alichagua silaha aliyoizoea. Yeye na wenzake walikwenda msituni wakiwa na miche, makopo ya maji na majembe, wakapanda pale palipokatwa. Walikwenda tena na tena. Ukanda wa kupandwa sasa ulikuwa ukiutetea ukanda wa kuachwa.

Tarehe 7 Oktoba 1998 umati ulioambatana na wabunge wa upinzani uliingia katika eneo la ujenzi, na mitambo ikateketezwa. Yapo maandishi mengi yanayoiruka siku hiyo, kana kwamba historia ya Karura ni ya miche tu. Si kweli, na mwalimu asiwafiche wanafunzi wake. Hasira ya watu ilikuwa kubwa, na mali ya watu iliharibiwa.

Kisha ikaja tarehe 8 Januari 1999. Siku hiyo Wangari Maathai, wabunge kadhaa, waandishi wa habari na wageni wachache walifika langoni wakiwa na nia ya kupanda mti mmoja tu. Walilikuta lango limezibwa na wanaume wapatao 200 wenye mapanga, marungu, mijeledi na mishale. Walipojaribu kupanda mti wao nje ya lango, wanaume hao waliwashambulia. Wangari Maathai alipasuliwa kichwa. Baadhi ya wabunge na waandishi wa habari waliumizwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko yake, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe iliyokuwa ikimtiririka. Picha za tukio hilo zilienea ulimwenguni, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio hilo. Ikumbukwe kwamba makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira yako Gigiri, jirani kabisa na msitu huo. Kupigwa kwa mwanamke anayepanda mti karibu na mlango wa shirika hilo kulikuwa aibu ambayo serikali haikuweza kuifunika.

Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa ajili ya Karura, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa, na vyuo vikafungwa. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima kutoka mbali, ambao pengine hawajapata kuukanyaga msitu huo. Waliutetea kwa sababu waliiona ndani yake shule yao ya msingi iliyomegwa uwanja, au soko la kijiji chao lililouzwa usiku. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Nyumba zilizokusudiwa hazikujengwa.

Sasa mgala muue na haki yake umpe. Waliotaka kujenga walikuwa na hoja, na si vema kuipita kana kwamba haikusemwa. Jiji lilikuwa likikua. Mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu wasiofika 120,000; mwaka 1999 walihesabiwa zaidi ya milioni 2; na hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha milioni 4.4. Watu hulala wapi? Je, ni haki miti ipewe hektari elfu moja ilhali binadamu wanabanana? Tena iko hoja kali zaidi, ambayo huletwa na wale wasiopenda matajiri wala wajenzi. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Wazungu waliwekwa kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, karibu na misitu, Wahindi katika Parklands na Ngara, Waafrika katika nchi tambarare ya mashariki, isiyo na kivuli. Basi kuilinda Karura, wasema hao, ni kuilinda bustani ya Muthaiga.

Hoja ya kwanza yajibika kwa kutazama ni nyumba gani zilizokusudiwa. Bonde la Mathare, lenye mabanda ya mabati yaliyobanana, haliko mbali na msitu huo. Hakuna mkaazi wa Mathare aliyeahidiwa chumba Karura. Viwanja vilikuwa vya kuuzwa kwa bei ya Muthaiga kwa watu wa tabaka la Muthaiga, na faida ilikuwa ya wale waliovipata bure au kwa karibu na bure. Uhaba wa nyumba za maskini ulitumiwa kama pazia. Kama shida ingekuwa nyumba kweli, mtu angeanza na ardhi ya jiji iliyokuwa ikikaa mikononi mwa walanguzi ikingoja bei ipande.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, nami sidhani kwamba imekwisha kujibiwa. Msitu uliwekwa pale na utawala uliopanga mji kwa ubaguzi, na hadi leo majirani wake wa karibu ni matajiri. Lakini kuugawa msitu kusingeliondoa kosa hilo. Kungelifanya la milele. Nyumba ya tajiri haina lango ambalo maskini aweza kulipitia Jumapili pamoja na watoto wake. Msitu waweza kuwa nalo, likijengwa.

Na lilijengwa, ingawa polepole. Bunge lilipitisha sheria ya mazingira mwaka 1999, ambayo ilimpa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Jibu alilopewa Wangari Maathai mwaka 1989 likawa limefutwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 aliingia bungeni kwa kiti cha Tetu, akawa waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Sheria mpya ya Misitu ya mwaka 2005 iliondoa ule mlango wa siku 28: mipaka ya msitu haikuweza tena kupunguzwa bila idhini ya Bunge, na jamii zilizo kando ya msitu ziliruhusiwa kuunda vyama vya kushiriki katika uangalizi wake. Katiba ya mwaka 2010 ikaandika kwamba misitu ya serikali ni ardhi ya umma, na kwamba ulinzi wa mali haumfikii mtu aliyeipata mali hiyo kinyume cha sheria.

Sheria peke yake haikumfanya mtu aingie Karura. Kwa miaka mingi msitu huo uliogopwa. Ulikuwa maficho ya wanyang'anyi, na maiti zilitupwa humo. Chama cha marafiki wa msitu, kilichoundwa mwaka 2009 chini ya sheria ile mpya, kilishirikiana na idara ya misitu kuuzungushia ua na kuufungulia umma mwaka 2011. Vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho ukingoni mwa msitu, ambao baadhi ya jamaa zao waliishi kwa kukata kuni humo, waliajiriwa kuwa walinzi. Mikalitusi mikongwe imekuwa ikiondolewa na miti ya asili kurudishwa. Kati ya mwaka 2014 na 2016 mbega waliletwa kutoka upande wa Kipipiri, na sasa huonekana wakirukaruka juu ya njia ambako zamani hakuna aliyethubutu kutembea peke yake.

Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011, mwaka ule ule malango yalipofunguliwa. Mabishano hayakuzikwa pamoja naye. Mwaka 2025 idara ya misitu iliagiza kwamba kiingilio cha Karura kilipwe katika mfumo wa malipo wa serikali. Chama cha marafiki wa msitu kikapinga, kikiuliza ni nani atakayewalipa walinzi na kutengeneza ua. Shauri hilo lilipelekwa mahakamani, na safari hii hakuna aliyewauliza wadai wao ni nani.